Chupa Kumi na Mbili za Haroub

Barua ilifika skuli ya Kwamsuka Jumatatu asubuhi, na mpaka adhuhuri Haroub keshaitwa mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa juu ya choo cha wasichana, anapigilia bati. Mara ya pili kashuka, kanawa, kavaa kofia yake, kaenda. Ukiitwa mara mbili na mwalimu mkuu huendi kichwa wazi.

Haroub ni mhudumu wa maabara. Ndilo jina la kazi yake, ingawa maabara yenyewe hamna tena. Chumba kile tangu mwezi wa tatu ni chumba cha miwani. Mie miwani hiyo sikuivaa, macho yangu haya hayataki mzaha, lakini nimeiona. Ni dude jeusi, mfano wa kifuu cha nazi, mtoto analifunga usoni halafu anasimama katikati ya chumba anapapasa hewa kama mtu aliyezimikiwa na taa. Kumbe mwenyewe huko aliko yumo katika maabara kubwa, ina meza, ina mabomba, ina dawa za kila rangi. Anamimina, anachanganya, anaona moshi unapanda. Akivua, mikono mikavu. Watu wa mradi walileta kumi na mbili, wakatandika na zulia watoto wasijikwae, wakasema skuli ikiwa na hizi haina haja tena ya vyombo vya kuvunjika.

Sasa Mwalimu Mkuu, Abdulsamad, kakaa na barua mbele yake. Kiti cha mgeni kilikuwepo lakini kina mafaili juu, na hakuyaondoa.

"Haroub, chupa ziko wapi?"

"Chupa gani, Mwalimu?"

"Za maabara. Zile flaski. Usinifanye nizitaje moja moja."

Haroub kaangalia ncha za viatu vyake. Kasema si Mwalimu mwenyewe ndiye aliyemwambia azitoe, watoto wakivaa miwani watazipiga mikono waumie? Na stoo ilikuwa imejaa madawati mabovu, kwa hiyo alizichukua kwake.

"Nilikwambia uzitoe. Sikukwambia uzigawe. Juzi nimeingia dukani kwa Bi Khairat kununua mafuta ya taa, napimiwa kwa flaski ya serikali."

Na ni kweli.

Barua ilisema hivi. Mtihani wa kidato cha nne wa Kemia, ule wa kutenda kwa mikono, mwaka huu utafanywa kwa vyombo vyenyewe, chupa za kioo na dawa za kweli. Miwani ni ya kujifunzia tu. Kila mtahiniwa awe na flaski yake. Jumanne ya wiki ijayo msimamizi atakuja na karatasi, na skuli atakayoikuta haina vyombo, watoto wake hawafanyi. Asiyefanya anaandikiwa hakufanya, ndiyo basi tena. Mwalimu Mkuu keshapiga simu mjini Chake, keshapiga Unguja. Madukani zimekwisha, kila skuli inazitafuta wiki hiyo hiyo.

"Watahiniwa kumi na mbili," kasema Mwalimu Mkuu. "Kwenye daftari la vyombo zipo flaski kumi na mbili, na mwisho wa ukurasa pana saini yako, si yangu. Sikutishi, Haroub. Nakwambia ilivyo. Wakija kuuliza, mimi nitawaonesha saini."

Haroub katoka. Miaka kumi na tisa kaosha vile vyombo, kaenda pwani kuwatafutia walimu pweza na fukulile, viumbe wa pwani wa kupasulia darasani, hata siku moja hajaambiwa mwizi. Wala leo hakuambiwa. Lakini alisikia.

Na katika wale kumi na mbili, mmoja ni Ruweida, mwanawe.

*

Mwatum, mkewe, alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi. Kasikiliza habari yote bila ya kusimamisha mkono.

"Mie nilikwambia chumba kinavuja, yale makatoni yataoza," kasema. "Ukanambia waachie watu watumie."

"Nilisema waazime."

"Hukusema waazime, bwana. Ulisema watumie, na ulisema ni sadaka. Mimi nilikuwa hapa hapa, na nilikuwa nakuna nazi hivi hivi."

Wakahesabu. Ile flaski ni chupa ya tako pana na shingo nyembamba, na jirani akiiona haachi kuitaka, maana inakaa vizuri na haimwagi. Na kwetu mtu kaja mlangoni kakiona kitu umekiweka tu hukitumii, utamwambiaje hamna? Mabomba ya kioo yenye vikoki, yale marefu, yalibaki yote kwenye katoni kwa sababu hakuna aliyejua kuyatumia nyumbani. Lakini flaski zilibaki tatu. Tisa ziko nje. Mbili kwa Bi Khairat mwenye duka. Moja kwa Masoud. Moja kwa Maalim Rajab. Moja kwa Bi Mwanapili. Na nne katika nyumba nyengine nne, nisikuchosheni.

Ruweida alikuwa anachambua mchele pembeni, anasikiliza. Msichana mpole, wa miaka kumi na saba, na kwenye miwani ndiye wa kwanza skuli nzima. Mwalimu wake anasema mkono wake hauna papara. Kasema, "Baba, kule ndani flaski hazihesabiwi. Ukitaka unanyoosha mkono, ipo. Ukimaliza unaiachia tu, inarudi kwenye rafu yake yenyewe."

"Hata kuosha?" kauliza Mwatum.

"Hata kuosha, mama."

"Basi nipelekeni mie huko nikapumzike."

Wakacheka, hata Haroub. Kisha Haroub kachukua pakacha, katia makumbi ndani chupa zisigongane. Mwatum kachana vitambaa vya nguo kuukuu, kila nyumba rangi yake, ili kila chupa ifungwe shingoni na ijulikane ya nani. Maana wazo lao lilikuwa la uungwana tu: hatuendi kunyang'anya, tunaazima tulichoazimisha, mtihani ukisha kila mtu anarudishiwa chake.

*

Bi Khairat hakumkatalia. Alimuweka. Haroub kafika saa nne, kaambiwa ngoja niwahudumie wateja. Kaja mtoto wa sukari, kaja mtoto wa chumvi, kaja mtu mzima wa vocha akapiga soga mpaka kachoka. Haroub yuko pale kwenye gunia la mchele na pakacha lake mapajani. Kila mteja anaingia anauliza, "Mzee Haroub, unauza nini?" na Bi Khairat anajibu kwa niaba yake, "Hauzi. Kaja kuchukua."

Saa saba ndipo alipomgeukia.

"Watu washaizoea hii. Robo inafika hapa kwenye mstari, wanaiona kwa macho yao. Nikirudi kwenye kikopo watasema nawaibia."

"Jumatano ya wiki ijayo nakuletea, Bi Khairat. Zote mbili."

"Na Mwalimu Mkuu kakutuma wewe. Miguu yake ina nini?"

Haroub kasema Mwalimu ana kazi nyingi. Bi Khairat kazimimina mafuta, kazitoa kama zilivyo, zinateleza, na kitambaa cha kijani kikawa hakikazi shingoni. Haroub kaenda mpaka kisimani kaziosha kwa majivu mara tatu.

Kwa Masoud ndiko alikokwenda jioni, na kosa lake ni kwenda wakati wa kahawa. Barazani pana watu saba. Masoud ni kijana, kaoa mwaka huu huu, na chupa yake iko ndani juu ya televisheni, imetiwa maua ya plastiki. Haroub kamvuta pembeni kamnong'oneza. Masoud hakunong'ona.

"Lakini Mzee Haroub, hii si uliniletea mwenyewe siku ya harusi yangu? Ukasema Masoud mwanangu, zawadi yangu hii?"

Baraza zima likageuka. Ni kweli aliipeleka. Siku ile hakuwa na kitu mkononi, na mtu haendi harusini mikono mitupu.

"Mpe, yakhe," mmoja kasema, "kabla hajakuomba na kitanda."

Wakacheka. Masoud mwenyewe hakucheka sana, ana heshima zake. Kaingia ndani, mkewe akasikika anauliza kuna nini, halafu chupa ikatoka, maua yamechomolewa. Haroub kaifunga kitambaa chekundu mbele yao wote. Fundo likamshinda mara mbili.

Maalim Rajab naye, huyu anatibu kwa kombe. Anaandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, anaikosha kwa maji ya mawaridi, mgonjwa anakunywa siku saba. Tangu apate ile flaski yenye mistari yake, watu wanaisifu dawa yake kuliko zamani, maana sasa ina kipimo. Mkubwa anakunywa mpaka mia, mtoto mpaka hamsini.

"Sikunyimi, Haroub," kasema. "Lakini kuna mtoto kaletwa kutoka Wambaa, leo siku yake ya nne. Tulianza na chombo hiki, tumalize na chombo hiki. Ukimbadilishia katikati, mama yake moyo utaingia shaka, na shaka ni nusu ya ugonjwa."

"Atamaliza lini, Maalim?"

"Jumatatu magharibi."

Mtihani Jumanne asubuhi. Haroub kasema inshallah. Ungesema nini?

*

Mpaka Jumamosi pakacha lina chupa kumi. Ya Maalim inangojewa. Imebaki moja, na hiyo Haroub alikuwa akiizunguka wiki nzima kama mtu anayezunguka shimo.

Mzee Silima, mume wa Bi Mwanapili, alifariki wiki ile ya nyuma. Haroub alikuwepo mazikoni. Na alipokuwa amesimama uani wakati maiti anaoshwa, aliiona ile chupa inapita mkono kwa mkono kuingizwa ndani, imejaa marashi, mdomo umezibwa kwa kizibo kilichotobolewa. Aliitambua. Siku ile hata hakuifikiria tena, maana barua ilikuwa bado haijafika.

Kaenda Jumapili baada ya hitima. Bi Mwanapili yuko katika eda, na mjane aliye edani hakutani na mwanamme ambaye si maharimu wake, kwa hiyo Haroub kasimama upenuni, na pazia la mlango katikati yao. Kuzungumza na pazia ni kazi. Hujui kama mtu amekasirika ama amesinzia.

"Bi Mwanapili, mie Haroub."

"Nakusikia sauti. Pole ulishaitoa. Umerudi una nini?"

Haroub kaanza na barua, kaja kwenye watoto, kazunguka mpaka kwenye chupa. Kuku kapita, kamuangalia, kaenda zake.

"Marashi ya mwisho ya Silima yalitoka humo," sauti ikasema. "Nimeiweka chini ya kitanda. Hata kuiosha sijaiosha. Nikiamka nafungua kizibo nanusa, halafu nasali alfajiri yangu."

"Basi, Bi Mwanapili. Tutatafuta kwengine."

"Kwengine wapi? Ungekuwa napo ungekuja kwangu?"

Haroub kavua kofia yake, kaivaa tena.

"Ntakupa," kasema Bi Mwanapili. "Silima alikuwa anapenda watoto wasome, mwenyewe hakusoma. Lakini nataka irudi hii hii, Haroub. Usije ukaniletea ndugu yake ukadhani mie mzee siijui."

"Hii hii, Bi Mwanapili."

"Na usinioshee kwa majivu."

Mjukuu wake kaitoa imefungwa katika kanga. Haroub kaifunga kitambaa cha buluu, kaibeba mkononi mpaka nyumbani, hakuitia kwenye pakacha. Kaisuuza kwa maji matupu mara moja. Harufu haikutoka.

*

Jumatatu jioni Maalim Rajab katimiza ahadi, mtoto wa Wambaa kamaliza kombe lake, na flaski ya kumi na mbili ikaingia skuli na kitambaa cheupe shingoni. Haroub kazipanga juu ya meza ndefu. Kumi na mbili. Mwalimu Mkuu kaja kazihesabu kwa kidole, kasema, "Alhamdulillahi," halafu kamuondolea mafaili kwenye kiti. Ndiyo samahani yake hiyo, na Haroub kaipokea, kakaa kidogo.

Mwalimu Hafidh, kijana anayesomesha Kemia, ndiye aliyekuwa hana raha.

"Mzee Haroub, nipe saa moja tu. Niwaite watoto wazishike. Wazijaze maji tu, wazitikise. Hawajashika kioo tangu kidato cha tatu."

"Saa moja ya kuvunja," kasema Haroub.

"Hawatovunja. Wanajua kazi yote."

"Kama wanajua wazishikie nini?"

Hafidh kamgeukia Mwalimu Mkuu. Mwalimu Mkuu kafikiri, na mie nakwambieni ningekuwa ni mie ningefikiri vile vile. Kasema watoto wamefanya mazoezi ya miwani miezi saba, kila wiki mara mbili, alama zao zimetoka mpaka Unguja zikasifiwa. Moja ikivunjika leo, kesho mmoja hafanyi. Ziachwe. Kaamuru na zulia likunjwe, litolewe nje, maana dawa za kweli zikimwagika zitalitoboa na ni mali ya mradi. Haroub kafunga mlango, ufunguo kautia kiunoni chini ya shuka.

Nyumbani Ruweida alimtilia maji ya kunawa, akasimama pale.

"Baba, nisingepata kuishika moja tu? Nione uzito wake."

Haroub alikuwa amechoka mpaka kwenye nyusi. Wiki nzima milango ya watu.

"Utaishika kesho, mwanangu," kasema.

*

Wasiohusika hawakuruhusiwa ndani. Haroub kakaa nje chini ya dirisha na ndoo mbili za maji, maana bomba lilikuwa halitoi na msimamizi kataka maji yawe karibu. Msimamizi ni mwanamke mkavu, mgeni, kavaa saa kubwa. Watoto waliingia wamenyoosha nguo. Ruweida kapita mbele ya baba yake kamuamkia kimya kimya, kaingia.

Robo saa ya kwanza pakawa kimya kizuri. Haroub kasikia vikoki vinafunguliwa, maji yanadondoka, kalamu. Akaanza kusinzia.

Kisha pah.

Kioo kikianguka kwenye saruji hakina sauti mbili. Haroub kaamka. Kasikia msimamizi anasema kila mtu aendelee na kazi yake. Kafikiri, moja. Moja si kitu, mitihani yote huvunjika moja. Kainua shingo kachungulia. Chini ya meza ya mtoto wa mbele pana kitambaa chekundu. Ya Masoud, ya harusi.

Hajakaa vizuri, pah. Hii hakuchungulia. Ilianguka kule upande wa ukuta, na upande wa ukuta aliziweka za Bi Khairat mwenyewe kwa mkono wake.

Mwalimu Hafidh alikuwa amesimama mbali, kwenye msingi wa choo, mikono kichwani. Hakumuangalia Haroub, na Haroub hakumuangalia yeye.

Ya tatu ilikawia. Haroub keshaanza kusema Mungu mkubwa, zimekwisha hizo, ndipo iliposikika, karibu kabisa, upande wa pili wa ukuta aliouegemea. Na kabla hajainuka harufu ikamfikia dirishani. Marashi. Kidogo tu, kama mtu mwenye marashi kapita njia.

Kasimama, kaona. Ruweida yuko wima mbele ya meza. Mkono wake wa kulia umenyooka hewani usawa wa kifua, vidole vimefunguliwa, anangoja. Hata hakutazama chini. Kaikamata chupa, kaimiminia dawa sawa, katazama rangi, katosheka nayo, kaiachia ili aandike. Kama alivyoiachia miezi saba. Alingoja pumzi mbili tatu ndipo alipouvuta mkono, kauangalia, halafu kaangalia sakafu.

Msimamizi kamwambia Haroub atoke dirishani.

Wale watatu wakaambiwa wangoje. Mwenzao akimaliza, atawapa yake, ioshwe, waendelee na muda utakaobaki. Hiyo ndiyo huruma iliyopatikana, na mie siilaumu. Ruweida kasimama saa nzima mikono imekunjwa. Alipopata flaski ilikuwa na kitambaa cheupe, ya Maalim Rajab, na dakika ishirini kwenye saa. Kazi inatakiwa irudiwe mara tatu, yeye kairudia mara moja. Mkono ule usio na papara sasa ulikuwa unaikaba chupa shingoni kama kuku wa kuchinja, hataki kuiweka chini, hataki kuandika. Karatasi ikachukuliwa ina mistari mitatu.

Haroub kaingia na ufagio. Vipande kavitia katika makatoni matatu mbalimbali, kila moja na kitambaa chake. Mwalimu Mkuu kamuona, kasema vitupe tu hivyo. Haroub kasema ndio Mwalimu, na hakuvitupa.

*

Jumatano ilikuwa ahadi. Haroub kapita nyumba kwa nyumba na pakacha, na Ruweida nyuma yake. Mwatum alitaka mtoto abaki, macho yamemvimba kwa kukosa usingizi, lakini mwenyewe alikataa kubaki.

Maalim Rajab kapokea yake, kaitazama juani, kasema imesafishika. Bi Khairat kapewa moja na vipande vya moja. Kasema alijua, na kwamba alijua tangu siku ile kwenye gunia la mchele, na kwamba watu wa skuli ndivyo walivyo, na alipomaliza kusema kampa Ruweida pipi mbili kama mtoto mdogo. Masoud kavipokea vipande vyake. Kaingia ndani, katoka na yale maua ya plastiki, kampa Haroub.

"Chukua na haya, Mzee. Hayana pa kukaa."

Haroub kayapokea. Ungemwambiaje hapana?

Nyumba ya mwisho wakafika saa kumi. Haroub kasimama mbele ya lile pazia, katoni kwapani, maua mkononi, kakohoa.

"Bi Mwanapili, mie Haroub."

"Imerudi?"

"Imerudi, Bi Mwanapili. Lakini haikurudi nzima."

Kisha sauti, wala haikupanda: "Aliyeivunja nani?"

"Mimi, Bi Mwanapili. Ilikuwa mikononi mwangu."

"Haroub, mimi mjane, si mtoto. Nani aliyeivunja?"

Ruweida kachukua lile katoni kwapani mwa baba yake. Haroub alitaka kumzuia, lakini angemzuia kwa haki gani, na mlango ule yeye haruhusiwi kuuvuka. Mtoto kavua viatu, kainua pazia, kaingia. Pazia likarudi.

Chumba ni cha giza kidogo. Bi Mwanapili amekaa juu ya mkeka, kajifunika nguo nyeupe, mdogo kuliko Ruweida alivyomkumbuka. Ruweida kapiga magoti, kamuamkia, kaweka katoni mbele yake. Bi Mwanapili kalifungua, kakiona kitambaa cha buluu, kachukua kipande kimoja kikubwa cha tako, kakinusa. Kakirudisha.

"Ilikuponyoka?"

"Haikuniponyoka, Bi. Niliiachia."

"Uliiachia?"

"Kule tunakosomea, ukiiachia inarudi mahali pake. Nilisahau kama siko kule."

"Kule wapi?"

"Kwenye miwani, Bi."

Bi Mwanapili alikuwa ameisikia miwani kama tulivyoisikia sote.

"Na mtu je, mwanangu? Kule ukimuachia anarudi?"

Ruweida kaangalia chini. Machozi aliyoyazuia tangu jana pale mezani yakamshinda sasa.

"Kule hakuna watu, Bi. Kuna vyombo tu."

Bi Mwanapili kaitikia kwa kichwa. Kalifunga katoni, kalisukuma pole pole chini ya kitanda, pale pale chupa ilipokuwa.

"Mtihani umefaulu?"

"Sijui, Bi. Niliandika mistari mitatu."

"Haya. Nina kiu. Pale juu ya mtungi pana gilasi, nitekee maji."

Haroub kule nje hakusikia maneno haya yote, alisikia minong'ono tu. Alichosikia vizuri ni kata inagonga mtungi, kisha maji yanaingia katika kitu cha kioo. Kakaza macho kwenye pazia, maua ya plastiki mkononi. Kangoja.

Ruweida kaibeba gilasi kwa mikono miwili. Kafika, kainyoosha, na Bi Mwanapili kaikamata, lakini mtoto hakuiachia. Wakawa wameishika wote wawili.

"Ninayo," kasema Bi Mwanapili. "Nishaipata. Achia sasa."